Mtu kwenye katazo, si mvuvi kwenye gawio: kisa cha sheria ndogo ya mwamba, pwani ya Tanga

Usuli

Kijiji hiki kiko pwani ya mkoa wa Tanga. Jina lake nimeliacha, na majina ya watu vilevile. Nimebakiza nyadhifa tu, maana bila hizo kisa hakifuatiki. Mimi ni msaidizi wa kisheria. Rasimu iliyoleta tafrani niliiandika mwenyewe, kwa hiyo hapa simsemi mtu mwingine.

Mbele ya kijiji kuna mwamba. Wakati wa bamvua maji hutoka mbali, mwamba ukabaki wazi kwa saa kadhaa, na wanawake wakashuka na ndoo na kipande cha chuma chembamba cha kuchokolea pweza mashimoni. Wengine hutanda uduvi kwenye maji ya magotini, wawili wawili, kila mmoja na ncha zake za kitambaa. Wanaume wengi huvuka mwamba na kuvua nje kwa ngalawa na mitumbwi. Vijana wachache huzamia. Wapo pia wazee wa kiume walioishiwa nguvu za kasia, au waliouza chombo, ambao siku hizi hushuka na ndoo pamoja na wanawake. Wazee hawa hakuna aliyewawaza, mimi wa kwanza, na baadaye ndio walioamua sentensi muhimu kuliko zote.

Pweza walipoanza kuwa haba, kijiji kikakubaliana kufunga sehemu ya mwamba miezi mitatu. Pweza hukua haraka, kwa hiyo hata muda mfupi hivyo una faida inayoonekana kwenye mizani. Makubaliano ya mdomo yalivunjwa ndani ya wiki mbili. Ndipo ikaamuliwa itungwe sheria ndogo: halmashauri ya kijiji iandae rasimu, mkutano mkuu wa kijiji uijadili, kisha ipande halmashauri ya wilaya kuidhinishwa. Nikaombwa kuandika.

Vifungu viwili ndivyo vinavyotuhusu. Cha katazo kilisema: "Hakuna mtu atakayeingia wala kuvua katika eneo lililofungwa." Cha gawio kilisema kwamba fedha atakazotanguliza tajiri wa pweza, ili apate kununua wa kwanza siku ya kufungua, zitagawiwa "kila mvuvi aliyeandikishwa" kama kifuta jasho cha miezi ya kungoja. Na kwenye tafsiri ya maneno nikaweka kwamba mvuvi ni mtu anayevua kwa chombo kilichoandikishwa, awe mwenye chombo au baharia wake. Sentensi hiyo niliikuta kwenye sheria ndogo ya kijiji kingine, nikaona imekaa vizuri, nikaihamisha kama ilivyo.

Nakumbuka nilivyojisifu. Hakuna neno "mwanaume" hata moja katika kurasa sita. Sheria iliyosafika, haina upendeleo.

Mambo yalivyokwenda

Mkutano mkuu ulipitisha bila pingamizi. Karani wa kikundi cha usimamizi wa uvuvi, kile tunachokiita BMU, akafungua kaunta buku na kupiga mistari: Na., Jina la mvuvi, Jinsi (ME/KE), Chombo, Namba ya chombo. Wanawake walikuja kujiandikisha siku ya kwanza, tena mapema. Karani aliwaandika majina, akaweka KE, na alipofika safu ya chombo akatia kistari. Safu ya namba, kistari. Jioni, wakati wa kunakili orodha safi ya kupeleka wilayani, akaacha kila mstari wenye vistari viwili. Hakuwa na chuki na mtu. Alifuata tafsiri ya maneno, na tafsiri ilikuwa yangu.

Mwamba ukafungwa. Wiki ya tano, doria ilimkamata bibi mmoja ndani ya eneo, na pweza wawili kwenye ndoo. Faini ilikuwa shilingi 30,000. Alilipa, akakatiwa risiti, akaitunza kwenye pindo la kanga. Gawio lilipotoka akaenda kupanga foleni, jina lake halikuonekana. Hakuwa peke yake. Wanawake wote wa ndoo hawakuwemo.

Alinikuta ofisi ya kijiji.

"Shikamoo Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Karatasi hii umeandika weye?"

"Nimeandika mie, Bibi."

"Haya nisomee pale penye faini."

Nikasoma: hakuna mtu atakayeingia.

"Mie mtu?"

"Ndiyo, Bibi."

"Nisomee sasa penye gawio."

Nikasoma. Kila mvuvi aliyeandikishwa.

"Mie mvuvi?"

Sikuwa na jibu, na mwenyekiti aliyekuwa pale akajifanya anatafuta mhuri. Bibi akaendelea, wala hakupandisha sauti: "Mwamba ule nimeanza kushuka nikiwa kigori. Karani aniuliza chombo changu kipi. Nimwambie ndoo? Mie sina chombo, nna miguu."

Mwenyekiti aliitisha mkutano wa dharura. Nilidhani tungemaliza kwa saa moja. Zilikuwa tatu, na kikao cha pili baada ya wiki.

Hoja ziligawanyika pande tatu. Mzee mmoja, nahodha mstaafu anayesikilizwa, alisema tatizo halipo kabisa. "Kiswahili hakina jike wala dume," alisema. "Mtu ni mtu, mvuvi ni mvuvi, mjumbe ni mjumbe. Mkianza kuandika wanawake hapa, wanaume pale, mtaleta ubaguzi ambao lugha yenyewe haina." Mwalimu wa shule ya msingi alimuunga mkono kwa mfano mzito kuliko wake: Sheria ya Ndoa ya 1971, ambayo ilitaja jinsi waziwazi, mvulana aoe akiwa na miaka 18 na msichana aolewe akiwa na 15 kwa ridhaa ya mzazi. Mahakama Kuu ilivibatilisha vifungu hivyo mwaka 2016 katika shauri la Rebeca Gyumi, na Mahakama ya Rufani ikakazia mwaka 2019. Alichokuwa anasema mwalimu ni kwamba mwanamke kutajwa kwa jina hakumaanishi amelindwa. Pengine ametajwa ndipo apate kupunjwa.

Upande wa pili ulikuwa wa afisa aliyetoka mjini. Yeye alitaka kila palipo na wanawake paandikwe "jinsia", na wajumbe wa kamati wachaguliwe "kwa kuzingatia uwiano wa jinsia". Alieleza kwa ufasaha kwamba jinsi ni maumbile na jinsia ni majukumu ambayo jamii imempa mtu. Sina ugomvi na maelezo hayo. Ila kijijini neno jinsia limekuja na dawati la polisi, Dawati la Jinsia na Watoto, na likakaa hukohuko. Mtu akisema "mambo ya jinsia" watu husikia kesi ya kipigo. Kina mama waliokuwa nyuma wakaanza kunong'ona, nani kapigwa? Na "jinsi" nayo ina balaa lake: mjumbe mmoja alisoma "kwa kuzingatia jinsi zao" akauliza, jinsi zao za kufanya nini?

Upande wa tatu ulikuwa wanawake wenyewe, na matakwa yao yalikuwa mafupi. Liandikwe neno wanawake, kila mahali. "Msipotutaja mwatusahau."

Maamuzi na sababu zake

Uamuzi wa kwanza ulihusu nani ni mvuvi. Nilikuwa tayari nimeandika, kwa kuwaridhisha, "mvuvi ni mtu anayevua kwa chombo, na wanawake wanaovua mwambani". Hapo ndipo mzee wa kiume asiye na chombo, aliyekuwa kimya vikao vyote viwili, akainua mkono na kuuliza yeye amewekwa wapi. Si mwenye chombo, si mwanamke, na pweza wake anamchokoa mahali palepale anapochokoa Bibi. Wazee wenzake wawili wakasema na wao. Tukafuta. Ikaandikwa: "mvuvi ni mtu yeyote anayevua au kukusanya viumbe vya baharini kwa chombo, kwa kuzamia au kwa mguu." Neno wanawake halimo, na wanawake wote wamo.

Wa pili ulihusu viti vya kamati. Hapa tulifanya kinyume. "Wajumbe kumi na wawili, kati yao wasiopungua wanne wawe wanawake." Mwanasheria wa wilaya aliuliza kwa nini tusiandike "wa kila jinsia". Tukamwonyesha Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, ambayo baraza la ardhi la kijiji lina watu saba na watatu lazima wawe wanawake, imesemwa hivyo hivyo bila kuzunguka. Na kulikuwa na sababu ya karibu zaidi: kamati iliyokuwepo ilichaguliwa chini ya neno "wajumbe", neno lisilo na jinsi, ikapata wanaume kumi na mmoja na mwanamke mmoja, mpishi wa chai ya vikao.

Wa tatu ulikuwa wa doria. Kifungu kikasema mjamzito na anayenyonyesha hawatapangwa zamu ya usiku. Kilipita kwa dakika mbili.

Wa nne ndio uliotutoa jasho, ingawa niliudhani mdogo. Mfuko ulikuwa na mkono wa pole kwa "mjane wa mvuvi". Sasa mvuvi akiwa ni Bibi, na akafa maji, mume wake si mjane. Kiswahili kina neno lake, mgane, ila watu wachache sana pale walikuwa wamewahi kulitamka. Afisa akapendekeza neno la kisasa linalowabeba wote: mwenza. Ukumbi ukacheka. Pwani mwenza ni mke mwenza. Ukisema "mwenza wa marehemu apewe pole" umewapelekea fedha wake wenzie. Shehe akaongeza kwamba hata kwa maana ya mjini, mwenza ni mtu anayeishi na mtu bila ndoa, na hilo hatalipigia kura. Tukaandika "mume au wake wa marehemu", kwa wingi upande wa wake, kwa kuwa ndoa za mitara zipo na sheria ya nchi inazitambua. Ni sentensi iliyotaja jinsi mara mbili, na ndiyo pekee ambayo kila mtu aliielewa sawasawa.

Matokeo

Rasimu mpya ilikaa wilayani miezi minne, ikarudi na marekebisho ya tahajia. Daftari la pili lina watu wa mguu wengi kuliko wa chombo, jambo lililowashangaza manahodha. Kwenye safu ya chombo karani sasa huandika "mguu". Bibi alisimama juu yake siku hiyo hadi akamwandikia "miguu, 2". Faini yake haikurudishwa. Ilikuwa halali kwa sheria ya wakati ule, na mtendaji hakuwa na mamlaka ya kuifuta. Bado ana risiti.

Mwamba ulipofungwa mara ya pili hakuna mwanamke aliyekamatwa. Walikamatwa vijana wawili wazamiaji.

Viti vinne vilijaa. Wanawake watatu kati ya wanne ni wake za manahodha, na mmoja wao hajawahi kushuka mwambani.

Uchambuzi

Mzee nahodha alikuwa sahihi kuhusu lugha. Kiswahili hakituumizi kichwa kwa "yeye". Mataifa yanayoandika sheria kwa Kiingereza yamehangaika na kiwakilishi cha kiume tangu zamani. Bunge la Uingereza liliweka kanuni mwaka 1850 kwamba maneno ya kiume yabebe na ya kike, na Sura ya 1 ya sheria zetu, ile inayoeleza maneno ya sheria yafasiriwe vipi, ilirithi utaratibu huo. Tangu mwaka 2021, Bunge letu lilipokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama, kanuni hiyo kwetu imebaki haina kazi kubwa, maana "atakayeingia" hamtaji mwanaume.

Alikosea alipodhani kwamba lugha isipotaja jinsi, sheria nayo haitabagua. Sheria yetu ya kwanza iliwatoa wanawake bila kuwataja. Neno lililowatoa lilikuwa "chombo". Nimejifunza kutafuta neno la namna hiyo kwanza kwenye kila rasimu: mkuu wa kaya, mwenye hati, mwenye leseni, mwenye duka. Yote hayana jinsi, na nyumbani kila mtu anajua ni nani. Kanada walikwisha pita njia hii na neno jepesi kuliko yote, "watu". Katiba yao ilisema watu wenye sifa wateuliwe kwenye Seneti. Mwaka 1928 Mahakama ya Juu ya Kanada ilisema wanawake hawamo katika neno hilo. Baraza la Faragha la London, lililokuwa ngazi ya mwisho ya rufaa za Kanada wakati ule, likatengua tarehe 18 Oktoba 1929. Bibi hakuwahi kusikia habari za Kanada, lakini swali lake, "Mie mtu?", lilikuwa lilelile, naye alitozwa faini kwanza.

Afisa wa mjini naye nisimdharau. Njia yake ya "jinsia" inafanya kazi palipoandikwa hesabu. Jirani zetu Kenya, Katiba ya 2010 inasema wanaochaguliwa katika vyombo vya umma wasizidi theluthi mbili wa jinsia moja. Ni kanuni isiyopendelea upande, kesho wanaume wakipungua itawalinda wao. Hata hivyo mwezi Septemba 2020 Jaji Mkuu Maraga alifikia kumshauri Rais avunje Bunge kwa kushindwa kutunga sheria ya kuitekeleza, na Bunge halikuvunjwa. Kanuni inayosema "jinsia moja" haimwambii mtu fulani kwamba kiti ni chake, hivyo hakuna anayekuja kukidai. "Wanne wawe wanawake" kilidaiwa mlangoni siku ya uchaguzi. Kilidaiwa na wake za manahodha, sawa, na hilo ni kosa langu jingine: nilihesabu wanawake nikasahau kuhesabu miguu. Kifungu kilitakiwa kisome "wanawake wanaovua kwa mguu". Jinsi peke yake haikutosha, kama vile kutokuwa na jinsi kulivyokuwa hakujatosha.

Kifungu cha mjamzito ndicho kinachonifurahisha. Uingereza, mwanzoni mwa 2021, mswada wa likizo ya uzazi ya mawaziri uliletwa ukitumia maneno "mtu aliye mjamzito", zikazuka hoja kali, Baraza la Mabwana, yaani baraza la juu la Bunge lao, likabadilisha kuwa "mama" na "mama mtarajiwa". Miaka minne baadaye, tarehe 16 Aprili 2025, Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ikaamua kwamba "mwanamke" katika Sheria ya Usawa ya 2010 ni kwa maana ya jinsi ya kimaumbile. Mabishano yale yana mizizi yake kule, na wanaoyabishania wana mambo mazito ya kupoteza pande zote. Kwetu "mjamzito" hana jinsi kwenye sarufi, na wakati uleule hakuna aliyejiuliza ni nani. Neno limewaridhisha wote bila kumficha yeyote. Sijui tutadumu na bahati hiyo hadi lini, hasa fomu zenye ME na KE zikianza kuulizwa maswali mengine, lakini kwa sheria ndogo ya pweza imetosha.

Kilichofanya kazi zaidi kuliko maneno, kwa maoni yangu, ni kusoma vifungu viwili kwa pamoja mbele ya mtu mmoja halisi. Hilo sikulifanya mimi, nililazimishwa ofisini. Siku hizi nikimaliza rasimu namtafuta mtu ambaye itamgusa, namsomea penye adhabu, halafu penye faida, na namuuliza kama ni yeye yuleyule. Inachukua nusu saa. Wenzangu wengine huniona napoteza muda, na mmoja aliniambia kazi ya sheria ni kuandikwa, kuisoma ni kazi ya wananchi.

Kilichofeli ambacho bado hakijarekebishwa ni viti. Uchaguzi wa kamati unakuja mwakani, na mapendekezo ya kuongeza maneno "wanaovua kwa mguu" yameshaandikwa, yanangoja mkutano mkuu. Mume wa mmoja wa wajumbe wanne, nahodha, amesema atayapinga: mke wake naye, anasema, ana miguu.